Mkanda wa Kiti cha Pembeni

Rafiki yangu Detlef hujaribu magari ya mbio kwenye barabara ya mashindano ya Eifel, Ujerumani. Siku hiyo alikuwa amefura. Gari jipya lilikuwa limefungwa breki zilezile zilizomuua mwenzake Rainer, yule jitu la tumbo.

“Rainer alikwambia hazishiki, ukamwita mwoga,” alimwambia mhandisi Voss.

“Acha porojo. Endesha.”

Kama kawaida yao, Detlef alifunga mkanda wa kiti kitupu cha pembeni usije ukagongagonga, akaondoka. Msituni ukungu ulimeza taa. Kwenye kona alipofia Rainer alisikia mkanda ukivutwa taratibu, kisha pumzi nzito.

Alirudi, akamfungulia Voss mlango wa pembeni.

“Haya, panda wewe.”

Mkanda ulikuwa bado umefungwa, umekaza hewani, umezunguka tumbo kubwa ambalo halikuwepo.