Nguo za Kazi za Fundi Betri

Saa kumi na mbili jioni, inyeshe isinyeshe, baiskeli ya Fundi Betri iligonga ukuta wa nje. Ikigonga tu, mkewe alipunguza moto jikoni. Mama yake mzee alipapasa mkongojo wake. Binti yao mdogo alitoka mbio mpaka mlangoni. Kila mtu alijua kinachofuata. Ilikuwa saa ya kushukuru.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake, na kama ulitaka kugombana na Fundi Betri, ungeigusa hiyo. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, nguo za kazi mwilini, vumbi mpaka kwenye kope. Hakunawa. Hakuvua hata viatu. Alimpakata binti yake, akamwekea kiganja kichwani, kisha kila mmoja akataja jambo moja la kushukuru kwa siku ile. Marehemu baba yake, aliyekuwa mchukuzi wa mizigo, ndiye aliyemfundisha hivyo. Alimwambia amshukuru Mungu jasho likiwa bado bichi, kwa sababu akishaoga na kunyoosha miguu atasahau ni nani aliyempa nguvu.

Na alikuwa na la kushukuru. Yeye na mkewe walikaa miaka tisa bila mtoto. Miaka tisa ya kuulizwa maswali na watu wasio na kazi za kufanya! Alipozaliwa binti huyu, kila hatua yake ilikuwa sikukuu ya nyumbani. Jino la kwanza, walishukuru. Siku aliposimama dede, walishukuru. Siku alipotembea kutoka kwa bibi yake mpaka kwenye kigoda, Fundi Betri alilia mbele ya mkewe wala hakuona haya. Neno la kwanza la mtoto lilikuwa "amina". Alilipata palepale mapajani mwa baba yake, akawa analitoa kabla sala haijaisha, mpaka bibi anacheka. Alipofika miaka miwili, mdomo wake haukupumzika. Bibi akamwita Kasuku, na jina likaganda.

Kazi ya Fundi Betri ilikuwa kwenye uwanja wa tajiri mmoja wa vyuma chakavu. Walipasua betri kuukuu za magari kwa shoka. Walitoa vibamba vya risasi, yale madini mazito ya kijivu, wakaviyeyusha kwenye karai juu ya mkaa. Ni kazi chafu, lakini ya halali. Mchana kila mfanyakazi alikunywa kikombe cha maziwa. Walisikia kwamba maziwa yanasafisha mwili, basi wakajiona wamejikinga.

Jioni alirudi na nguo zilezile. Alipozivua, alizitundika kwenye msumari juu ya godoro la Kasuku. Asubuhi mkewe alizikung'uta mlangoni na kufagia vumbi. Jumamosi alizifua katika beseni moja na vinguo vya mtoto. Nani angemlaumu? Ndivyo alivyofanya mama yake, na mama wa mama yake.

Kasuku alipokaribia miaka mitatu, alianza kubadilika. Kwanza aliacha kula. Akashika tumbo, akalia, akakaa siku nne bila choo. Wakampa dawa ya minyoo. Akawa mkali, anang'ata, anatupa vitu. Mama yake alikuwa mjamzito wakati huo, na bibi akasema ni wivu tu, mtoto amejua kuna mwenzake anakuja. Maelezo hayo yaliwaridhisha wote.

Kisha maneno yakaanza kupotea. Mwezi huu hakusema "baiskeli". Mwezi uliofuata hakumwita bibi. Mkewe aliona, akamwambia mumewe kwamba mtoto anarudi nyuma. Fundi Betri alikasirika. Alimwambia asimkufuru Mungu aliyewapa mtoto baada ya miaka tisa. Walichotakiwa ni kushukuru, alisema, si kutafuta kasoro. Mkewe akanyamaza. Jioni ile sala ilipoisha, hakuna aliyesema amina, na kila mtu alijifanya hajasikia ukimya ule.

Wiki mbili baadaye, Kasuku akiwa mapajani mwa baba yake, kiganja kikiwa kichwani mwake, mwili wake ulikakamaa. Macho yakageuka juu. Mikono na miguu ikaanza kurukaruka. Bibi alikuwa katikati ya kutaja jambo lake la kushukuru, na hakulimaliza.

Walimkimbiza hospitali. Daktari alipoona mtoto alivyopauka na kusikia habari ya tumbo na maneno, aliuliza swali ambalo Fundi Betri aliliona la kipuuzi. Aliuliza wewe baba unafanya kazi gani. Damu ikapimwa. Majibu yalipotoka, daktari aliwaeleza polepole kwamba damu ya mtoto ina risasi nyingi, na ikizidi hapo inaua. Kasuku alilazwa wiki tatu akipewa dawa ya kuitoa. Mama na bibi nao walipimwa. Wote walikuwa nayo, hata mama mwenye mimba.

Kabla mtoto hajaruhusiwa kutoka, nesi wa zahanati ya mtaa alikuja nyumbani. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti ya kuamrisha na mdomo usiozungukazunguka. Alikataa chai. Aliomba maji na kitambaa cheupe.

Alilowesha kitambaa, akafuta kigoda. Kikatoka cha kijivu. Akafuta ukuta chini ya msumari. Kijivu. Akafuta kizingiti ambapo nguo zilikung'utwa. Kijivu tena. Mwisho akamshika Fundi Betri mkono, akafuta kiganja chake. Wote walitazama kitambaa kile.

"Vumbi hili limetoka kazini kwako, baba," nesi alisema. "Damu ya mtoto imeshatuonyesha limo. Hii ndiyo njia lililopitia. Mtoto anagusa nguo, anagusa sakafu, anatia mkono mdomoni. Kidogo kidogo, kila siku. Linaingia kwenye damu, kwenye mifupa, kwenye ubongo. Mwili wa mtoto unalinyonya kuliko wako."

"Lakini sisi tunakunywa maziwa," Fundi Betri alisema.

"Maziwa ni chakula. Kunywa. Ila hayafuti risasi mwilini."

Bibi alisema huu ni mkono wa wabaya, kuna watu hawakupenda wajukuu wapatikane katika nyumba ile. Nesi hakumcheka. Alikaa karibu naye, akamwambia, "Bibi, adui wa mjukuu wako namjua, na anatundikwa pale kwenye msumari. Huyo tunaweza kumtoa leo."

Fundi Betri alitazama msumari. Kilichomjia kilimkata maini. Kila jioni, kwa zaidi ya miaka mitatu, aliweka kiganja kile juu ya kichwa cha mtoto. Nywele zile alizozishika akishukuru, ndizo alizozipaka sumu. Alisema kwa sauti ndogo, "Nilikuwa namuua huku nashukuru."

Mkewe ndiye aliyejibu. "Nilikwambia anarudi nyuma. Ukaniambia nakufuru."

 Fundi Betri aliinamisha kichwa.

Nesi akawaeleza la kufanya. Nguo na viatu vya kazi vibaki kazini, visivuke kizingiti cha nyumba. Fundi anawe, aoge mwili na nywele kabla ya kurudi. Asile chochote kazini kabla ya kunawa kwa sabuni. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, kwenye beseni lake, na zisikung'utwe. Nyumba isifagiliwe kavu, vumbi linaruka. Ipigwe deki kwa kitambaa kibichi, kila siku. Mtoto anawe mikono kabla ya kula, na ale vizuri: maharage, mboga za majani, mayai, maziwa, kwa kuwa mwili wenye njaa unanyonya risasi haraka. Godoro litolewe. Damu ipimwe tena kila daktari atakaposema.

"Atarudi kuwa kama zamani?" mama aliuliza.

"Risasi kwenye damu itashuka mkifanya haya," nesi alisema. "Kilichoharibika kichwani siwezi kukuahidi, mama. Mtoto aliye tumboni ndiye tunayemuwahi."

Kesho yake Fundi Betri alipeleka habari kazini. Wenzake walimtania. Wakamwita bwana harusi, eti kila jioni anataka kuoga. Nesi akaenda mwenyewe, na watoto wa wafanyakazi wawili wakapimwa. Majibu yalipokuja, utani ukaisha. Tajiri alinung'unika, lakini akaweka pipa la maji, sabuni, na kibanda cha kubadilishia nguo.

Nyumbani, sala ilikufa. Fundi Betri alirudi akiwa msafi, akala, akalala. Hakumgusa mtoto. Kasuku alikuwa amerudi kutoka hospitali, amekonda, kimya, anachezea uzi wa mkeka kutwa nzima. Baba yake alipita mbali naye, na kigoda alikigeuza kikatazama ukuta. Miezi ikapita hivyo. Mtoto wa pili akazaliwa, mvulana, mdogo lakini mzima, na hata siku ile baba yake hakuthubutu kushukuru kwa sauti.

Nesi alipokuja kumpima mtoto mchanga, bibi alimshitaki mwanawe waziwazi. Alisema nyumba imekuwa kama ya matanga. Nesi akamgeukia Fundi Betri.

"Sala yako haikuwa na kosa lolote," alimwambia. "Kosa lilikuwa la nguo, na kosa lilikuwa la kumfunga mkeo mdomo. Hayo mawili rekebisha. Kwani Mungu hawezi kukusikiliza ukiwa umeoga?"

Fundi Betri alimwomba mkewe radhi jioni ile, mbele ya mama yake. Mkewe hakusema amesamehe. Alikigeuza kigoda, akakirudisha mahali pake. Wakaanza tena kushukuru, kwa woga, kwa maneno machache, na kila jioni bibi aliuliza kama baba ameoga kwanza. Kasuku alikaa kwenye mkeka wake, mbali. Hakuja mapajani, na hakuna aliyemlazimisha.

Risasi katika damu yake ilishuka. Alipotimiza miaka mitano alikuwa na maneno manane. Watoto wa jirani wa umri wake walikuwa wanaimba na kuhesabu. Mama yake aliyajua maneno yale manane yote, na aliyapokea kila moja kama mgeni.

Siku moja maji yalikatika kule kazini na pipa lilikuwa tupu. Kibanda kilikuwa kimefungwa, na ufunguo ulikuwa kwa tajiri. Fundi Betri alirudi na nguo za kazi, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Alikusudia kuzunguka nyuma mpaka bafuni. Lakini mlango ulikuwa wazi, na kabla hajapita, mwanawe mdogo alimwona. Mtoto yule hakuwa ametembea bado. Aliachia goti la bibi yake, akayumba, akapiga hatua moja. Akapiga ya pili. Alimjia baba yake mikono imenyooshwa, anacheka.

Fundi Betri alirudi nyuma. Hatua za kwanza za mwanawe, na yeye anazikimbia! Aliinua mikono yake juu, mbali na mtoto. Mkewe alikuwa jikoni. Bibi hakuweza kuinuka haraka.

Kasuku akaacha uzi wake. Aliinuka, akamshika mdogo wake shati kwa nyuma, akalivuta.

"Baba aoge kwanza," alisema.

Mama yake alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama. Maneno matatu kwa pamoja. Walikuwa hawajamsikia akiyaunganisha hivyo kwa zaidi ya miaka miwili. Mtoto mdogo alikaa chini na kulia.

Fundi Betri alikwenda bafuni. Alisugua nywele, shingo, na chini ya kucha, huku analia, na povu likaingia machoni akazidi kulia. Nguo za kazi alizitia kwenye mfuko akaufunga na kuuacha nje. Alivaa shati safi, akaingia, akakaa kwenye kigoda.

Walishukuru mmoja mmoja. Bibi alishukuru kwa hatua mbili za mjukuu. Mama alishukuru kwa maneno matatu. Fundi Betri alisema anashukuru kwa kuwa mwanawe amezuiwa asimfikie.

Wakasubiri amina. Kasuku hakuisema. Alitoka kwenye mkeka, akaja mpaka kwenye kigoda, akaushika mkono wa baba yake na kuunusa. Ulinukia sabuni. Akapanda mapajani.