Chuo Kilichochinjiwa Fahali

Habari ya kuhamia Mwanza ilienea kijijini Nyamwaga kabla Nashoni mwenyewe hajarudi nyumbani. Nashoni alikuwa dereva wa hoteli ya watalii huko Ikoma. Mwajiri wake alimwambia kwamba kuanzia mwezi wa kumi atafanya kazi Mwanza, akipokea wageni uwanja wa ndege. Nashoni alimpigia simu mke wake, Teresia. Wakati huo Teresia alikuwa shambani akikata ndizi, naye hajui kuongea kwenye simu kwa sauti ya chini. Jioni ile hata wachunga ng'ombe walikuwa wanampa hongera.

Aliyefurahi kuliko wote ni binti yao, Winfrida. Alikuwa amemaliza kidato cha sita na kufaulu vizuri. Alitaka kusoma shahada ya uuguzi. Wakihamia Mwanza, ataweza kusoma akiwa analala nyumbani.

Nashoni alikuja likizo. Asubuhi ya kwanza alisimama kwenye zizi akimtazama Teresia anavyokamua.

"Suala la chuo limekwisha," alisema. "Winfrida atasoma pale aliposoma Mseti."

Mseti ni mtoto wa Ryoba, kaka yake Nashoni. Mseti alipohitimu, Ryoba alichinja fahali. Litungu, ala ya nyuzi ya Wakurya, lilipigwa mpaka uzi ukakatika. Watu walikuja kutoka Matongo, na wengine kutoka kwa ndugu zao ng'ambo ya mpaka, Kenya. Tangu siku ile, Nyamwaga nzima ilijua chuo kikuu kimoja tu cha Mwanza. Vingine vilikuwepo, lakini hakuna aliyekuwa amekula nyama yake.

"Tata," Winfrida alimwambia baba yake, "Mseti alisomea ualimu. Mimi nataka uuguzi. Kuna chuo kingine, kidogo, kiko karibu na hospitali..."

"Hicho nani anakijua?"

"Wanafundisha uuguzi."

"Na kile kikubwa kinashindwa nini? Mseti mwenyewe alisema kuna mabango ya uuguzi getini. Mwanangu, chuo ni jina. Nimeshamwambia dalali atutafutie nyumba karibu na pale. Kesho namtumia kodi."

Winfrida aliinama, akafunika maziwa. Si kwamba alikubali. Mtoto wa Kikurya habishani na baba yake mbele ya ng'ombe. Lakini dirisha la maombi ya vyuo lilikuwa linafungwa wiki ile. Kama angeomba mahali pasipofaa, ndoto yake ya kuwa muuguzi ingeingia mashakani. Alichukua ndoo ya maziwa, akapita njia ya nyumbani kwa Mwalimu Dorah Aloo.

Mwalimu Dorah ni Mjaluo wa Shirati aliyeolewa jirani. Alimfundisha Winfrida baiolojia, na kila mwaka huwasaidia wanafunzi wanaotafuta vyuo. Aliposikia habari ile alivaa kandambili zake, akaongozana naye.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mwalimu," Nashoni alijibu. "Naona mtoto ameenda kuleta wakili."

"Wakili wa bure huyo, usiogope." Mwalimu alikaa kwenye kigoda. Alitazama zizini. "Huyu mtamba wa kijivu ni mgeni. Umemtoa wapi?"

"Matongo." Uso wa Nashoni uling'aa. Mtu akitaka kumfurahisha, amuulize habari za ng'ombe.

"Ulimchaguaje?"

"Kwanza nilimtazama mama yake. Nikamuuliza mama mwenye mji, yeye ndiye anakamua, maziwa ni kiasi gani. Mwenye ng'ombe hata sikumuuliza, mwenye ng'ombe husifu tu. Nikauliza majirani kama zizi lile lina ugonjwa. Nikarudi siku nyingine, asubuhi mapema, nimuone anavyotembea."

"Na hukuuliza kama mwenye zizi alifanya sherehe kubwa mwaka jana?"

Nashoni alicheka. "Sherehe inahusiana nini na maziwa?"

Teresia ndiye aliyeelewa kwanza. Aliacha kukamua, akageuka.

"Baba Winfrida," alisema polepole, "mtamba umemtazama mara mbili. Chuo cha mtoto tumekitazama kwenye sahani ya nyama."

Nashoni alimtazama tena yule mtamba. Mwalimu Dorah hakutaka kumkandamiza, maana alijua kosa lile ni la wengi.

"Chuo cha Mseti kina sifa, na sifa yenyewe ni ya kweli," alisema. "Lakini sifa ya chuo haigawanywi sawa kwa kila kozi. Chuo kinaweza kuwa hodari kwa ualimu, na kwa uuguzi kikawa bado. Mseti ndiye aliyekamua pale. Tumpigie tumuulize."

Nashoni alipiga, akaweka simu kwa sauti ya wote kusikia.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mseti, Winfrida anataka kusoma uuguzi chuoni kwenu. Unasemaje?"

"Baba mdogo, mimi chuo kile nakipenda. Kwa ualimu, mpeleke mtu ukiwa umefumba macho. Lakini uuguzi... mabango yapo, kozi yenyewe nasikia bado haijapata kibali. Hakikisheni kwanza. Msiseme mimi ndiye niliyewaambia ni salama."

Nashoni alimkumbuka dalali. Kesho yake tu angekuwa ametuma kodi.

"Hata maneno ya Mseti tusiishie hapo," Mwalimu Dorah alisema. "Kuna Tume ya Vyuo Vikuu, ile inayoitwa TCU. Kwenye tovuti yake kuna orodha ya vyuo inavyovitambua. Ina pia mwongozo wa udahili, unaoonyesha kozi za kila chuo na ufaulu unaotakiwa. Winfrida, fungua simu yako, nyathina, mwanangu. Usitafute jina la chuo peke yake. Tafuta na kozi."

Winfrida alitafuta. Chuo kikubwa kilikuwepo. Ualimu ulikuwepo, na kozi nyingine nyingi. Uuguzi haukuwepo. Chuo kidogo cha karibu na hospitali kilikuwepo, na uuguzi ulikuwepo.

"Kama angesoma kozi isiyotambuliwa?" Teresia aliuliza.

"Muuguzi hafanyi kazi bila kusajiliwa na kupata leseni. Kuna Baraza la Uuguzi na Ukunga linalosimamia hayo. Kozi ikiwa haitambuliki, mtoto anaweza kusoma miaka yote na mlango ukabaki umefungwa."

"Basi aombe hicho kidogo. Mara moja!" Nashoni alisimama.

"Na wewe sasa umehama kutoka sherehe moja kwenda nyingine," Mwalimu alimtania. "Kutambuliwa ni geti tu. Baada ya geti, nenda ukatazame zizi."

Kesho yake walikwenda Mwanza, baba na binti. Winfrida aliwauliza wanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo kile kidogo: walimu wanaingia darasani? Mazoezi ya hospitali mnapata? Nashoni alimfuata muuguzi mkuu wa hospitali moja, akamwamkia, akamuuliza wauguzi wapya anaowapokea kutoka kila chuo wakoje. Mama yule alishangaa.

"Wazazi huniuliza ada tu," alisema. "Wa chuo hiki kidogo wanajua kushika mgonjwa. Wanaanza mazoezi mapema. Maktaba yao lakini ni finyu, nisikufiche, na mabweni hayatoshi."

"Mabweni hatuhitaji," Nashoni alisema. "Tunahamia huku."

Winfrida aliomba, akachaguliwa. Hapo ndipo Nashoni alipompigia dalali, akamwomba nyumba upande ule wa hospitali, mahali ambapo mtoto anaweza kutembea kwa mguu akienda mazoezi ya alfajiri.

Krismasi ya mwaka uliofuata walirudi Nyamwaga. Bibi yake Winfrida alikuwa na kidonda mguuni kisichopona. Winfrida alinawa mikono, akakisafisha na kukifunga taratibu, kisha akamwambia baba yake kwamba bibi lazima apimwe sukari. Walimpeleka kituo cha afya, ikakutwa iko juu kweli. Alianza dawa, na kidonda kikaanza kufunga. Habari hiyo nayo haikuhitaji simu. Teresia aliitangaza mwenyewe.

Siku chache baadaye Ryoba aliingia uani, amefurahi.

"Ndugu yangu, chuo cha Winfrida ndicho chuo! Huyu wangu mdogo, Ezekiel, naye nampeleka hapo hapo. Fahali wa kumchinjia nimeshamtenga."

Nashoni alimsogezea kigoda.

"Ezekiel anataka kusoma nini?"

"Sheria."

"Pale hawafundishi sheria, kaka."

Nashoni alitoa simu yake mfukoni, akamwita Winfrida aje awaonyeshe mahali pa kutafuta.

"Mwite na kijana mwenyewe," alimwambia kaka yake. "Tuanze na kozi."

"Na fahali?"

"Fahali mwache ale majani kwanza."