Chapuchapu na Madirisha ya Maktaba

Kila siku alipotoka shule, Chapuchapu alipitia karakana ya mama yake. Alikula, akafanya kazi za shule kwenye kona ya meza ya kukatia, kisha akafagia vumbi la alumini. Jina hilo alipewa na mama yake, kwa kuwa alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili asiyejua kufanya jambo lolote polepole. Viatu alivivaa huku anatembea, na maswali aliyajibu kabla mwalimu hajamaliza kuuliza.

Mama yake alikuwa fundi wa milango na madirisha ya alumini, na karakana yake ilikuwa na sheria nyingi kuliko shule. Alumini haiburutwi, inabebwa na watu wawili. Hailazwi sakafuni, inalazwa juu ya zulia. Tena haishikwi na mtu mwenye bangili wala pete, maana mkwaruzo ukishaingia hautoki.

"Mimi nilipokuwa mchanga ulinilaza sakafuni," Chapuchapu alilalamika siku moja.

"Wewe ukikwaruzika unapona," mama yake alimjibu bila kuinua macho.

Lakini sheria kubwa kuliko zote ilihusu nailoni. Kila kipande cha alumini kilitoka kiwandani kikiwa kimevikwa nailoni nyembamba ya buluu, na nailoni hiyo haikuruhusiwa kubanduliwa mpaka nyumba imalizike kupigwa lipu. Lipu ina saruji, na saruji ikirukia alumini tupu ikakaukia hapo, inaila na kuacha alama nyeupe. Mama alilisema jambo hili mara nyingi hivi kwamba Chapuchapu aliweza kulikariri hata akiwa anapiga mswaki.

Mwezi huo shule yao ilikuwa inajenga maktaba. Mama alipewa kazi ya madirisha sita. Kazi ya lipu alipewa mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mjomba Lipu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila lipu mwilini. Vitabu vilitarajiwa kufika Alhamisi.

Jumamosi Chapuchapu alitumwa kumsaidia mjomba kuteka maji. Adhuhuri mjomba alikwenda kula, naye akabaki peke yake ndani ya maktaba, na madirisha yakiwa yameshapachikwa ukutani. Kwenye dirisha la kwanza ncha ya nailoni ilikuwa imejikunja. Akaishika ili ainyooshe. Badala ya kunyooka, ikavutika.

Chrrrrr!

Lo! Sauti ilikuwa tamu ajabu. Nailoni ilitoka utepe mmoja mrefu, na chini yake alumini ikang'aa hadi akaona pua yake mwenyewe. Akajiambia atabandua kipande kimoja tu. Kikawa kimoja cha upande wa pili pia, maana dirisha lenye upande mmoja lilionekana vibaya. Alipokuja kushtuka, madirisha manne yalikuwa uchi, na yeye amekumbatia fungu la nailoni kubwa kuliko kichwa chake. Akalirusha nje, ambako watoto waliokuwa wanacheza walilifunga kwa kamba, likawa mpira.

Mjomba alirudi ameshiba, anaimba. Mjomba alikuwa na tabia ya kurusha lipu kwa nguvu kama anagombana na ukuta, tena miwani yake ilikuwa na madoa mengi kiasi kwamba yeye mwenyewe alikiri anaifuta mara mbili tu kwa mwaka. Hakuona kwamba nailoni haipo. Akachota lipu, akarusha. Pwa! Matone yakaruka na kutua juu ya alumini tupu.

Chapuchapu aliyaona. Alifungua mdomo aseme, akaufunga. Alijua mama akisikia atachachamaa, akajifariji kwamba pengine matone yatadondoka yenyewe. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, Chapuchapu hakuwa na haraka ya kusema chochote.

Jumatatu mchana, baada ya masomo, mama alifika na kitambaa na sabuni kukagua kazi. Matone yalikuwa yamekauka. Alipoyasugua yalitoka, lakini chini ya kila tone palibaki baka jeupe. Akasugua tena. Akasugua kwa kidole gumba. Baka halikutikisika.

"Wewe!" alimwita mdogo wake. "Nani kakwambia ubandue nailoni yangu?"

"Dada, mimi nibandue nailoni ya nini?"

"Ujitazame! Si wewe uliyebandua nailoni ya mlango wangu wa zahanati ukaufanya kioo cha kunyolea ndevu?"

"Hiyo ilikuwa mara moja," mjomba alijitetea. "Tena nilinyoa upande mmoja tu, ukanifukuza."

Mwalimu Mkuu alisikia kelele, akaingia. Alikuwa mtu mpole, lakini alipoyaona mabaka alikunja uso. Alisema shule ilikuwa imepanga kumpa Mjomba Lipu kazi ya madarasa mengine matatu. Sasa hana budi kutafuta fundi mwingine, maana hawezi kumkabidhi majengo mtu anayeharibu kazi za wenzake.

Mjomba alivua kofia, akaanza kuosha mwiko wake polepole. Chapuchapu alikuwa amesimama mlangoni, na aliona aibu. Alimpenda mjomba wake, na hakuwahi kumwona akifanya kazi bila kuimba.

Wakati huohuo mpira wa watoto uliingia kupitia dirisha lililokuwa wazi ukatua miguuni pa mjomba. Akauinua, akaukumbatia kwa huzuni.

"Haya, dada. Nakwenda. Ila siku utakapoipata hiyo nailoni yako, utakuja kuniomba radhi."

"Mjomba," Chapuchapu alisema kwa sauti nyembamba, "umeishika."

Watu wote wakautazama mpira. Mjomba naye akautazama. Akavua miwani, akaifuta, akautazama tena. Ulikuwa wa buluu.

"Niliibandua mimi," Chapuchapu alisema. Machozi yakamtoka kwa kasi ileile aliyofanyia mambo yote. "Mjomba hajui kitu. Ni mimi, Mwalimu."

Mama hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Chapuchapu zaidi.

"Lini?"

"Jumamosi, mjomba alipokwenda kula."

"Uliona lipu inarukia alumini?"

"Niliona."

"Ikiwa mbichi?"

"Mbichi kabisa, mama."

"Na maji ya kuifutia yalikuwa wapi?"

Chapuchapu alitazama chini. "Kwenye ndoo."

"Na ndoo ilikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimeishika."

Mwalimu Mkuu alikohoa, akageukia ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Alipogeuka tena alikuwa amejikaza, akamwomba mjomba msamaha na kumwambia kazi ya madarasa ni yake. Mama pia akasema, "Nisamehe, mdogo wangu." Mjomba alimwomba arudie, kwa madai kwamba hakusikia vizuri. Alirudia mara tatu.

Siku mbili zilizofuata hazikuwa na mchezo. Vipande vyote vyenye mabaka vilitolewa, mama akakata vipya, na mjomba akalazimika kupiga lipu upya kuzunguka madirisha. Chapuchapu alipewa kazi mbili. Kwanza, kukagua kwamba kila kipande kipya kimefunikwa na nailoni yake hadi pembeni. Pili, kusimama na kitambaa chenye maji na kufuta kila tone linaloruka papo hapo. Kwa jinsi mjomba alivyorusha lipu, alikimbia tangu alipotoka darasani hadi jioni.

"Kulia!" mjomba alipaza sauti.

"Nimeliona!"

"Lingine hilo!"

"Mjomba, hilo liko usoni mwangu!"

Jumatano jioni walimaliza. Chapuchapu alikuwa amechoka hoi. Akarudi nyuma hatua mbili ili aitazame kazi, akaegemea ukuta. Ukuta ulikuwa wa baridi, tena laini. Alipojiondoa, mkono wake wote ulikuwa umechorwa pale, vidole vitano, katikati ya lipu nzuri ya mjomba. Mama alikuwa nje anapakia vifaa. Mjomba alikuwa amewapa mgongo, anaimba.

"Mjomba!" Chapuchapu alipiga kelele. "Nimeuharibu ukuta! Sasa hivi! Bado mbichi!"

Mjomba aligeuka, akauona mkono ukutani, akauchukua mwiko. Alipitisha mara moja tu, fyuu, na ukuta ukawa kama haujaguswa na mtu. Kisha akaendelea na wimbo wake pale alipokuwa ameuachia.

Mama alikuwa amefika mlangoni mbio aliposikia kelele. Alitazama ukuta, akamtazama binti yake aliyejaa lipu hadi kwenye nyusi, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Umeona, mwanangu?" alisema. "Kukosea tunakosea sote, hata mimi nilimlaumu mtu asiye na hatia. Lakini kosa ukilisema likiwa bichi, linafutika upesi. Ukilinyamazia likakauka, linaharibu, tena linamchafua hata mtu asiyehusika. Siku nyingine usingoje."

"Sitangoja, mama," alisema Chapuchapu. "Na kwa kuwa tunazungumza, nimelikalia begi lako la chakula, na nadhani ndani mlikuwa na mayai."

"Lini?" mama aliuliza.

"Asubuhi," Chapuchapu alisema, akaanza kukimbia.