Sampuli za Barabara ya Tamarack

Kisanduku cha barafu hakikuwepo. Lyle Trudell, mpimaji wa maji wa kaunti, alifungua stoo Jumatatu asubuhi akakuta rafu tupu. Chupa kumi na mbili za sampuli, moja kwa kila kisima cha Barabara ya Tamarack, zilikuwa zimeibwa. Kompyuta mbili mpya hazikuguswa.

Inspekta Joan Pelkey alichuchumaa akakagua kitasa. Hakikuvunjwa. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa ndani.

Trudell alimweleza kwamba tangu theluji iyeyuke, povu jeupe lilikuwa likielea kwenye kijito kilicho chini ya uwanja wa zamani wa ndege za jeshi, na kulungu wa huko walikutwa na kemikali kwenye maini. Zilitokana na povu la kuzimia moto, ambalo zimamoto walilifanyia mazoezi uwanjani kwa miaka. Haziozi, alisema, na mwilini hukaa miaka. Watu wa Tamarack walikuwa wakingoja kuambiwa kama maji yao yananyweka.

"Nani mwingine ana ufunguo wa hapa?"

"Bosi wangu. Na zimamoto. Wale wana funguo za majengo yote ya umma."

Kituoni kwa zimamoto, Pelkey aliambiwa kwamba hakuna mgeni aliyefika Jumapili, isipokuwa Kapteni Eino Saarela, mstaafu, aliyekuja kunywa kahawa kama kawaida yake. Nani angemhesabu yeye kuwa mgeni?

Binti yake, Darla, aliishi Tamarack, katika nyumba aliyokulia, ambayo baba yake alimpa. Alimfungulia Pelkey akiwa amejishika ubavu. Alikuwa ametolewa figo lenye saratani wakati wa baridi. Jikoni, katoni za maji ya chupa zilirundikwa hadi kimo cha dirisha.

"Baba huyo," Darla alisema, akitabasamu. "Ananiletea tangu Aprili. Eti ya kisima yana kutu."

Pelkey alifungua bomba, akajaza glasi, akaiinua kwenye mwanga. Maji yalikuwa meupe kabisa, bila dalili ya kutu. Aprili hakuna aliyekuwa amevitaja visima. Trudell alianza kupima Juni.

Mchana huo Saarela aliketi katika chumba cha mahojiano, akaonja kahawa, akakunja uso.

"Hii mmeichemsha na soksi, Inspekta?"

"Kapteni, Aprili ulijuaje?"

Mzee aliweka kikombe chini.

"Nilipeleka chupa moja ya maji ya Darla maabara, mjini. Kwa jina lingine."

"Kwa nini kisima cha Darla?"

"Kwa sababu sumu ya pale haikutoka uwanjani. Ni yangu." Alitazama mikono yake. "Povu lililobaki mazoezini nilikuwa nalibeba nyumbani. Kila siku ya kuzaliwa ya Darla nililipuliza uani, karibu na kisima. Watoto wanazama mpaka shingoni, wanacheka. Tuliambiwa ni kama sabuni tu."

"Saratani yake?"

"Daktari hawezi kuapa. Mimi siwezi kulala."

Alieleza mengine bila kuulizwa. Majibu yangeonyesha kisima cha Darla kinavizidi vyote kwa sumu, na Darla angekumbuka povu la utotoni. Jumapili akachukua ufunguo pale kituoni, akabeba kisanduku kizima ili kukosekana kwa chupa moja tu kusijitangaze, akamwaga zote.

"Trudell atapima tena, Kapteni."

"Najua. Nilitaka Darla apone kwanza, ndipo anichukie."

"Binti yako ulimpelekea maji. Nyumba nyingine kumi na moja?"

Saarela alikisukuma kikombe kando.

Pelkey alimwacha na askari, akatoka nje ya chumba, akapiga simu nyumba ya kwanza kati ya hizo. Alijitambulisha, akauliza kama wanatumia maji ya kisima.

"Ndiyo," alijibu mwanamke, huku bomba likisikika. "Subiri kidogo, Inspekta, namkorogea mtoto maziwa ya unga."