Vijalizo vya Mwanakombo

Kabla Raya hajajijua kuwa anataka pasi, kijalizo kilikuwa kimeshausoma msuli wa paja lake, kikamletea mpira mguuni taratibu, kama anayempa mgeni kikombe cha kahawa. Raya akafunga. Roboti zote kumi za timu yake zikarudi kwenye nafasi zao bila neno.

Mama yake, Mhandisi Mwanakombo, alitabasamu kando ya uwanja. Nchi yao ya visiwa ilikuwa ndogo, na mtoto mwenye kipaji alikosa wenzake wa kiwango chake wa kukua nao. Ndipo alipounda vijalizo, wachezaji wa chuma chepesi waliopokea habari kutoka kwenye soksi-hisia za mtoto na kucheza sawasawa na haja yake. Kila kijiji kilipata uwanja, na kila binti hodari akapata timu nzima ya peke yake.

Hatimaye mabinti bora wa visiwani walikusanywa kucheza na wageni kutoka bara. Mashine hazikuruhusiwa.

Kila mmoja wao alikuwa fundi, chenga zake tamu kuliko halua. Lakini hakuna aliyemwita mwenzake. Raya alisimama peke yake mbele ya goli, akingoja mpira umjie wenyewe. Wageni, ambao nusu yao hata kutuliza mpira ilikuwa shida, walipigiana kelele kama wako mnadani, wakafunga, wakafunga tena.

Mapumziko yalipofika Mwanakombo alimwendea bintiye.

"Mwanangu, mbona humwiti yule wa kushoto akupe?"

Raya alimtazama yule binti, kisha mama yake. "Kwani anaitwa nani?"

Mwanakombo alikuwa amempa mwanawe kila kitu cha mpira, akamnyima wenzake, na hilo lilimuuma kuliko mabao yote.

"Usijilaumu, Bi Mwanakombo," alisema kocha, Mwalimu Mcha. "Wachezaji umetupatia. Ila kidole kimoja hakivunji chawa."

"Vijalizo nitavizima, Mwalimu. Wakae kambi moja, wacheze chandimu."

"Na refa?"

"Refa wa nini?"

Basi wakacheza mchangani, magoli yao mawe mawili. Siku ya kwanza tu yule wa kushoto, Bishara, alipiga mpira uliopita juu, na hakukuwa na mwamba wa goli wa kuamua umepita juu ya nini. Bishara akasema ni bao. Raya akasema si bao. Walibishana mpaka wengine wakakaa chini kuwangoja.

Raya alirudi kambini kwa mama yake analia kwa hasira.

"Bishara muongo, Mama. Simtaki."

Mwanakombo alimpangusa mchanga usoni. Alimwonea huruma, na moyoni alifurahi mno. "Basi, mwanangu. Kesho usiende."

Raya aliacha kulia, akamkodolea macho kama aliyeambiwa asile.

"Nisipokwenda, nani atambishia?"