Makofi Mawili Mkekani

Soko la samani Jumamosi mchana halina adabu. Misumeno inapiga kelele, wapiga rangi wanapulizia makabati katikati ya njia, na anayetaka kupita sharti atumie viwiko. Humo ndimo mikono ya watu wawili ilimokutana juu ya fito mbili za mwisho za henzerani zilizonyooka, nje ya kibanda cha msuka viti.

"Samahani dada, nilitangulia mimi."

"Ulitangulia kutazama. Kushika nimeshika mimi."

Mwanamume alivaa shati jeupe lililopigwa pasi kwa makini, na juu ya paji la uso ilikaa lenzi ya fundi saa aliyosahau kuivua. Mwanamke alikuwa na gauni la samawati, kilemba cha manjano, na unga kidogo kwenye nyusi.

"Unasuka kiti?" aliuliza Fundi.

"Napigana."

Alicheka. Yule dada hakucheka. Alichukua henzerani moja, akaizungusha, na Fundi akasikia upepo ukipita sikioni.

"Mwenzio nina kiti nyumbani kimetoboka. Kila mgeni akikaa, anazama."

"Basi wageni wazame kidogo. Ukizitaka, njoo uninyang'anye. Ukumbi ulio nyuma ya kituo cha zimamoto, Jumanne jioni."

Mchezea wembe humkata, lakini wapo wanaouona wembe na bado mkono unawawasha. Jumanne jioni Fundi alikuwa mlangoni, na suruali mpya ya michezo yenye karatasi ya bei.

Kocha wa pale alikuwa mpishi wa melini kwa miaka mingi, na mabaharia Wafilipino ndio waliomfundisha kupigana kwa fimbo. Nusu ya kwanza ya darasa ilikuwa ya fimbo: wawili wanatazamana, zinapishana juu na chini kwa mpigo mmoja, na anayepitiwa huzipata za vidole. Nusu ya pili walishuka mkekani kukabana viungo. Hapo palikuwa na kanuni moja: ukibanwa, piga makofi mawili mkekani au mwilini mwa mwenzako, naye akuachie papo hapo.

"Apigaye makofi hajashindwa," Kocha alisema. "Sisi hatuoni ndani ya kiwiko chako. Ukinyamaza, unamfanya mwenzako akuvunje bila kukusudia."

Yule dada alikuwa mwokaji wa mikate, na pale walimwita Siagi, kwa utani, maana hakuwa na ulaini wowote. Hakuna aliyewahi kusikia makofi yake. Fundi ndiye aliyepiga kila siku, mpaka wenzake wakasema anampigia makofi bibi harusi.

Yeye hakujali. Alikuwa amependa, na alijua.

"Umefika salama?" alimpigia simu baada ya mazoezi.

"Nimefika. Vidole vyako?"

"Vimevimba kama maandazi yako."

"Maandazi yangu hayavimbi hivyo, mpenzi. Hayo ya kwako yamezidi hamira."

Aliposikia lile neno "mpenzi" Fundi alikaa kitini bila kuangalia, akazama mpaka kiunoni. Alicheka peke yake.

Jioni moja, wakikunja mkeka, Siagi alimweleza habari za baba yake. Mzee ndiye aliyeanzisha tanuri lao la mikate. Alikuwa akishika kifua na kusema, "Gesi tu, mwanangu." Alisema gesi tu mpaka asubuhi aliyoanguka na sinia la mikate mkononi.

"Nilikuwa hatua moja tu kutoka kwake," alisema. "Angesema inauma, ningemkimbiza hospitali. Fundi, mimi siwezi tena kuishi na mtu wa kunificha maumivu. Hilo tu. Mengine yote nitavumilia."

"Sitakuficha," alisema Fundi, na alisema kweli kutoka moyoni.

Lakini likaja suala la onyesho. Kocha alitangaza kwamba atachagua jozi ya kucheza mbele ya watu, na Fundi akamwona akimpima Siagi na kijana mmoja mrefu, hodari. Wivu ukampanda. Alijiambia, nikipiga makofi leo tena, sitachaguliwa. Siagi alipoukamata mkono wake wa kulia na kuunyoosha juu ya paja, maumivu yakamjaa mpaka kwenye meno. Hakupiga. Siagi, akingoja makofi yasiyokuja, akavuta zaidi, na kiwiko kikalia.

"Umeumia?" Siagi alimwachia kwa hofu.

"Aa wapi! Nimenyooshwa tu." Alitabasamu, jasho likimtiririka.

Wakachaguliwa kuwa jozi. Fundi hakuja tena mazoezini. Kila alipoulizwa kwa simu alisema ana kazi nyingi, mkono umepona, asiwe na wasiwasi.

Siagi alimpelekea mikate kwenye kibanda chake cha saa bila kumwarifu. Mlango ulikuwa wazi nusu. Fundi alikuwa ameinama juu ya saa ya mteja, akijaribu kushika skrubu kwa kibano. Kibano kilitetemeka, skrubu ikaanguka. Akajaribu kwa mkono wa kushoto, ikaanguka tena. Nyuma yake saa zilikuwa zimerundikana, na mkono wa kulia ulikuwa umevimba toka kiwikoni hadi vidoleni.

"Ulisema umepona."

Alishtuka, akauficha mkono chini ya meza. Kosa la pili, tena mbele ya macho yake.

"Sikutaka ujilaumu."

"Mkono huo ndio chakula chako, na mimi ndiye niliyeuharibu, kwa sababu ulinyamaza!" Siagi aliweka mikate juu ya kabati la vioo. "Baba yangu naye hakutaka nijilaumu. Kwaheri, Fundi."

Fundi aliumia vibaya kuliko mkekani. Alikwenda hospitali, akafungwa mkono kwa kitambaa shingoni. Alipiga simu haikupokewa, akaanza kuacha jumbe za sauti.

"Leo inauma. Nimeshindwa kufunga vifungo, nimevaa fulana."

"Leo inauma pia. Mteja kachukua saa yake. Nimelia kidogo, halafu nimekula."

Mama yake Siagi alizisikia, mikono ikiwa ndani ya unga. "Mwanangu, mchumba gani huyu? Wenzake wanasifia macho, yeye kazi yake kuugua tu!"

"Mama, nyamaza nisikie."

Siagi hakujibu, lakini alikuwa akizingoja. Siku ujumbe uliposema, "Leo haiumi, daktari kanifungua," aliusikiliza mara nyingi, na hakujua kama aamini.

Onyesho lilikuwa limekwishapita bila wao. Fundi alirudi ukumbini wakati wenzao wanaondoka. Siagi alikuwa akifuta mkeka. Fundi alilala chali, akamnyooshea mkono ule ule.

"Siwezi," Siagi alisema.

"Shika. Utanisikia."

Akaushika. Akaunyoosha taratibu, akiogopa kila hatua. Haujafika hata nusu, makofi mawili yakalia mkekani, ya nguvu, mpaka Kocha akageuka mlangoni.

Siagi akaachia kama aliyeungua. "Imeuma?"

"Bado. Nimeogopa tu. Siku ile niliogopa vilevile, nikaona aibu kusema. Nisamehe."

Siagi alikaa kitako. Kocha alifunga mlango polepole, akawaachia ukumbi. Fundi aliketi kando yake, akamzungushia mkono ule mzima mabegani, bila kukaza hata kidogo.

Kisha kiganja cha Siagi kikampiga kifuani, mara mbili.

Fundi akamwachia papo hapo, mikono juu. "Nimekubana?"

"Hapana." Machozi yalikuwa yakimtoka. "Mimi ndiye ninayeumia. Tangu siku ile ya sinia. Nawadai watu wote waseme, na mimi sijawahi kumwambia mtu kwamba inauma. Hata mama."

"Niambie mimi."

"Nitakuambia." Alijifuta uso kwa mkono wa fulana, akauvuta ule mkono wa Fundi na kuurudisha mabegani mwake. "Ila safari hii, nikipiga makofi, usiniachie."