Chipu ya Mizani ya Buchani

Mizani ilikuwa tupu, lakini kioo chake kilisoma kilo themanini.

Hyasinta aliguna. Yeye alikuwa fundi wa mizani za kidijitali pale Kariakoo, na mchana ule alikuwa ndiyo kwanza ameifunga chipu nyingine kwenye mizani ya magunia, ile chipu ndogo inayopokea mkandamizo wa mzigo na kuugeuza kuwa namba. Alikuwa ameitoa kwenye mizani ya bucha moja la Msimbazi lililoungua moto.

"Labda kuna mtu kakaa hapo," alitania mumewe, Polycarp.

Hyasinta akafanya kama afanyavyo fundi yeyote: akabonyeza kitufe cha sifuri. Themanini ikafutika.

Papo hapo duka likajaa harufu ya damu mbichi. Polycarp akanyakuliwa kwa ukosi wa shati na kubamizwa ukutani, akainuliwa, akabamizwa tena, wala aliyemshika haonekani.

Mwinyimvua, mganga aliyeuza ubani duka la pili, alifika mbio. Aliikodolea macho mizani.

"Umemfanya nini, mwanangu?" alinong'ona.

"Nimebonyeza sifuri tu, mzee. Chipu nimeitoa bucha la Msimbazi lililoungua."

"Jini kazoea kulishwa damu buchani, halafu wewe unamwambia yeye si kitu? Itoe hiyo chipu nzima nzima, nami nitaifukiza atulie. Usiivunje. Ukimbomolea nyumba, anahamia kwa aliye karibu."

Hyasinta alishika kifaa cha kulehemu, akayeyusha risasi iliyoshika mguu mmoja wa chipu baada ya mwingine, na nyuma yake alisikia ngumi zikitua kwenye nyama ya mtu aliyempenda kuliko nafsi yake, akaona jino likibiringika hadi kwenye kiatu chake, akaomba rozari ikamchanganyika mdomoni, na chipu ilipobanduka tu mkono wa Polycarp ukavunjika kwa mlio mkavu, naye akalia akimwita mkewe kwa jina.

Hasira zikampanda. Wasia wote ukamtoka kichwani. Alinyakua nyundo akaiponda ile chipu mpaka ikawa unga.

Kukawa kimya. Polycarp alianguka sakafuni, akakohoa damu, akavuta pumzi.

"Ameondoka?" aliuliza.

"Ameondoka, mume wangu."

"Umeivunja," alisema Mwinyimvua, akirudi kinyumenyume hadi barabarani.

Hyasinta hakumjali. Alipiga magoti akilia kwa furaha, akaupeleka mkono kumfuta mumewe damu usoni. Mkono ulipita uso. Ukashuka shingoni. Vidole vikalizunguka koo zima na kuanza kukaza kwa nguvu ambazo hakuwahi kuwa nazo, na alipouvuta kwa mkono wa pili, huo nao ukageuka kusaidia.

"Nipige, Polycarp," alimsihi. "Nipige, si mimi."

Polycarp aliinua mkono wake mzima. Aliutazama uso wa mkewe uliolowa machozi, akashindwa kuupiga.